Ushauri nasaha Mwanga, Kigoma: huduma yenye utu, ukomo wa vikao usiofaa

Kituo kidogo cha ushauri nasaha kilichopo Mwanga, si mbali na soko, kinawahudumia watu wenye sonona, hofu iliyopitiliza na majonzi ya misiba. Nimekitumia mwenyewe baada ya kufiwa, na kwa kuwa nimesomea saikolojia, nimekipima kwa mambo mawili ambayo watafiti wameyafuatilia kwa miongo mingi: namna mshauri na mteja wanavyoshirikiana, na namna nafuu inavyokuja kadiri vikao vinavyoendelea.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kuwa ushirikiano wa kitiba una sehemu tatu, yaani kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi zitakazofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Katika zote tatu kituo hiki kinastahili sifa. Kikao cha kwanza hakikuanza na fomu. Mshauri aliniuliza ningependa nini kibadilike katika maisha yangu, akaandika jibu langu kwa maneno yangu mwenyewe, kisha akanisomea ili nithibitishe. Baadaye nilipomweleza kuwa zoezi la kuandika mawazo kila usiku lilikuwa linanizidishia uchovu, hakulitetea, bali tulilijadili na kulibadilisha kuwa matembezi ya jioni. Mzee aliyetoka kijijini huamkiwa shikamoo na mshauri kijana kabla ya jambo lolote, na anayejieleza vizuri zaidi kwa Kiha huachwa azungumze Kiha. Kwa watu wa huku heshima hiyo ndiyo mlango wa kuaminiana, na asiyeamkiwa ipasavyo hatafungua moyo hata mbele ya mtaalamu aliyebobea.

Wapo wanaodai kuwa hayo ni mapambo tu na kwamba kinachoponya ni mbinu. Uchambuzi wa Christoph Flückiger na wenzake uliotolewa mwaka 2018, uliojumuisha tafiti 295 na wateja zaidi ya 30,000, ulionyesha kuwa ubora wa ushirikiano unaendana na matokeo ya tiba kwa kiwango cha uwiano wa takriban 0.28 (0 ikimaanisha mambo mawili hayaendani kabisa, na 1 kwamba yanaendana kikamilifu), sawa na asilimia 8 hivi ya tofauti za matokeo kati ya wateja. Kiwango hicho si kikubwa kwa kukitazama, lakini kilijitokeza katika tiba za aina mbalimbali na katika nchi nyingi. Ni kweli pia kwamba mtu aliyeanza kupata nafuu mapema huweza kumpenda mshauri wake kwa sababu ya nafuu hiyo, na ndiyo maana watafiti makini hupima kikao kwa kikao badala ya kuuliza mara moja mwishoni.

Kituo nacho hupima kikao kwa kikao, jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kabla ya kuingia, mteja hujaza karatasi fupi kuhusu usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Kabla ya kutoka, hujaza nyingine kuhusu kikao chenyewe. Tafiti za Michael Lambert na wenzake zimeonyesha kuwa watoa tiba wakitegemea macho yao pekee huwakosa wengi wa wateja ambao hali zao zinazorota, na kwamba taarifa za namna hii huwasaidia hasa wateja hao. Siku niliyoandika kwamba sikusikilizwa vizuri, kikao kilichofuata kilianzia hapo hapo, na tukaelewana.

Kasoro kubwa ni ukomo. Kituo kinatoa vikao 8 kwa kila mteja, na kikao kilichokosekana huhesabiwa kuwa kimetumika. Kenneth Howard na wenzake, walipounganisha takwimu za wagonjwa 2,431 mwaka 1986, walikadiria kuwa karibu nusu yao walikuwa wamepata nafuu kufikia kikao cha 8, na karibu asilimia 75 kufikia cha 26. Anayesoma sehemu ya kwanza ya takwimu hiyo na kuiacha ya pili anaisahau nusu nzima ya watu. Michael Barkham na wenzake nchini Uingereza walileta maelezo mengine: watu hupata nafuu kwa kasi tofauti, na wengi huacha wenyewe wanapoona nafuu waliyoipata inawatosha. Kwa maelezo hayo, mwenye kupona haraka hahitaji kulazimishwa kufikisha vikao 8, na mwenye kupona polepole hastahili kukatwa hapo. Kwa kuwa karatasi za kila kikao zipo, zingetumika kuamua.

Ratiba ya kila wiki nayo haikuwafikiria wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, ambao huvua usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, mwanga wa mwezi unapozidi nguvu taa zao. Mvuvi hukosa vikao mfululizo kwa sababu yuko kazini, na kila alichokosa kinakatwa kwenye fungu lake. Kumpangia vikao vya karibu karibu siku za mbalamwezi kungekuwa haki zaidi.

Malipo hufanywa kwa kila kikao, na asiye na uwezo hupunguziwa akieleza hali yake. Chumba kina faragha ya kutosha, ingawa benchi la kungojea linatazama barabara, na anayeogopa kuonekana afadhali aombe nafasi ya asubuhi. Mwenye msiba au msongo wa karibuni ningemwelekeza huko bila wasiwasi. Mwenye sonona ya miaka mingi ningemshauri aulize siku ya kwanza kabisa nini kitafuata baada ya kikao cha 8, na asianze kabla ya kupewa jibu.