Kulipia Wepesi: Uzoefu Wangu na Nikon 500mm f/5.6 PF

Kila anayeiona lenzi yangu hii ya Nikon 500mm PF huniuliza swali lilelile: pesa zote hizo za nini, wakati zumu ya 200-500mm (lenzi unayoweza kuivuta karibu au mbali) inafika palepale? Wana haki ya kuuliza. Nimezitumia zote mbili, na ukisoma maelezo ya kiwandani utadhani ni ndugu. Zote ni za Nikon, zote zinafika milimita 500, zote ni f/5.6 (kipimo cha upenyo, yaani tundu la kupitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), zote zina kitulizaji cha mtikisiko. Zumu ilitoka mwaka 2015. Hii ya PF, iliyopewa jina kwa kioo chake maalumu nitakachokieleza, ilikuja 2018 kwa bei iliyozidi mara mbili ya mwenzake. Kubwa linalozitenganisha ni uzito: takriban kilo moja na nusu kwa PF, na kilo 2.3 kwa zumu ikiwa na kola yake, ile pete ya kuifungia kwenye tripodi.

Ukiishika zumu kwa dakika mbili utasema gramu mia nane si hoja. Subiri ndege aliyetua juu ya mti aamue kuruka. Unainua kamera, unalenga, naye anajichokonoa manyoya. Ukishusha tu, anaondoka. Kwa hiyo hushushi. Hapo ndipo bega linapoanza kuwaka moto, na kile kiduara cha fokasi kinahama kutoka jichoni hadi mkiani bila wewe kutaka. Kitulizaji hakikuokoi hapa. Kazi yake ni kutuliza mtetemeko mdogo wa mikono, lakini mkono uliochoka na kuteremka wenyewe hakiwezi kuurudisha juu.

Halafu kuna suala la uzito unakaa wapi. Zumu ukiivuta hadi 500 inarefuka, na vioo vya mbele vinasogea mbali nawe, kwa hiyo mkono wa kushoto unabeba zaidi ya mizani inavyosema. PF hairefuki. Unaishika karibu na bodi ya kamera, viwiko vimebanwa kifuani, na unatembea nayo mkononi badala ya kuifungia begini. Kwangu mimi hilo la mwisho limeniletea picha nyingi kuliko ubora wowote wa kioo, maana lenzi iliyo begini haipigi picha.

Wepesi wenyewe unatoka kwenye kioo kimoja cha Phase Fresnel, kilichochongwa miduara midogo mno. Kioo hiki hutawanya rangi kwa mwelekeo ulio kinyume na ule wa kioo cha kawaida. Vikikaa pamoja, kosa la hiki linafuta kosa la kile, na vioo vingi vya kusahihisha rangi havihitajiki tena. Canon walitangulia na wazo la namna hiyo katika 400mm f/4 DO ya mwaka 2001 (DO ni jina lao la vioo vya aina hii). Lakini upenyo haudanganywi: 500 gawanya kwa 5.6, ndio upana wa tundu, ni karibu milimita 89, kwa hiyo lenzi imefupishwa ila mdomo wake umebaki mpana.

Upo pia wepesi wa bei nafuu. Canon RF 600mm f/11 ya mwaka 2020 ina gramu 930 tu, na bei yake haikaribii kabisa hizi ninazozungumzia. Sharti lake ni giza: f/11 inapokea robo ya mwanga wa f/5.6. Jua likiwa juu, sawa. Alfajiri, wakati wanyama wanatembea, utapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi ukome.

Ukali wa picha? PF inashinda, hasa upenyo ukiwa wazi kabisa, na fokasi yake ina mbio zaidi. Ila ukiniambia umeinunua kwa ukali peke yake nitakushangaa. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko bei.

Kuna mahali zumu inaishinda waziwazi. Mnyama akikusogelea, wewe wa 500 unabaki na pua na sikio, naye wa zumu anarudi hadi 200 na kumpata mzima. PF hailengi kitu kilicho chini ya mita 3, zumu inashuka hadi 2.2. Na vioo vya aina hii vina tabia yao: taa au jua likiwa ndani ya fremu, huzuka duara la rangi kulizunguka. Nikon wenyewe wameweka kwenye programu yao zana ya kulipunguza.

Basi kama unapigia garini, lenzi imelala juu ya mfuko dirishani, au unakaa mafichoni na tripodi, chukua zumu na pesa iliyobaki itie kwenye bodi nzuri zaidi. Sioni sababu ya kulipia wepesi unaobebwa na dirisha. Kama unatembea kwa miguu na kupiga ndege wanaoruka, au mgongo wako umeshaanza kulalamika, lipa. Ukipata iliyotumika, ielekeze upande wa taa kali kabla hujatoa pesa, ulione hilo duara kwa macho yako na uamue kama utaweza kuishi nalo.