Kisafishio cha fluksi kwenye bodi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Msimu mmoja wa masika nilirudishiwa kidhibiti chaji cha sola ambacho nilikuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu wiki tatu kabla. Mteja alisema kinachaji vizuri mchana wa jua, lakini asubuhi zenye unyevu kinazima na kuwaka chenyewe. Nilipokiweka chini ya lensi niliona ungaunga mweupe kati ya miguu miwili ya transista niliyoibadilisha, na pembeni yake kutu ya kijani imeanza kutambaa kwenye shaba. Nilikuwa nimekisafisha kwa spiriti ya duka la dawa, nikakiacha kikauke, nikaridhika kwa sababu utando wa rangi ya asali wa fluksi, yaani dawa inayosaidia lehemu kushika, ulikuwa umetoweka machoni.

Kosa hilo lina sababu inayoeleweka, na sababu hiyo ndiyo inayoamua ununue nini. Ndani ya fluksi mna asidi za kuondoa kutu kwenye shaba ili lehemu ishike. Katika fluksi ya utomvu wa msonobari, baada ya joto utomvu huganda na kuzifungia asidi hizo ndani yake, kama mdudu aliyenaswa kwenye sandarusi. Ukiuondoa utomvu nusu, unazifungua asidi na chumvi zake bila kuzitoa, kisha unyevu wa hewa unazigeuza kuwa njia ya umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo bodi ya saketi iliyosafishwa nusu inaweza kuharibika mapema kuliko ile ambayo haikuguswa, na kwa mafundi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa hubeba unyevu na chumvi, jambo hili si la kupuuzwa. Kigezo changu katika kuvipanga visafishio hivi ni kimoja: kimiminika kikishakauka, kimeacha nini juu ya bodi?

Nafasi ya kwanza naipa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi wengi huiita IPA. Inayeyusha utomvu vizuri, inayeyusha sehemu kubwa ya asidi zilizomo, inakauka haraka, na ikiwa safi haiachi kitu. Haidhuru plastiki nyingi za soketi wala maandishi ya vipuri. Utaipata kwa wauza vipuri vya elektroniki, na mara nyingi kwa bei nafuu zaidi kwa lita katika maduka ya kemikali za maabara. Tatizo la sokoni ni kwamba chupa nyingi zenye jina hilohilo ni za asilimia 70, yaani karibu theluthi moja ni maji, na utomvu hauyeyuki katika maji. Ya asilimia 70 ilitengenezwa kwa ajili ya kuua vijidudu kwenye ngozi, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Kwa bodi ndiyo inayozaa ule ungaunga mweupe.

Kama lebo inakutia shaka, nunua chupa ndogo kwanza uipime kwa chumvi ya mezani. Mimina kiasi cha vidole viwili kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, tia kijiko cha chumvi kavu, tikisa, kisha iache itulie. Katika isopropili ya asilimia 99 punje za chumvi hutua chini zikiwa zimeachanachana kama mchanga mkavu, na ukiinamisha chupa huteleza kwa uhuru. Katika ile ya asilimia 70 chumvi hulowa na kushikana, na baada ya muda utaona mstari umejitokeza ndani ya kimiminika: chini maji ya chumvi, juu alkoholi. Hakuna haja ya kubishana na muuzaji. Mstari huo unatosha.

Nafasi ya pili ni visafishio vya fluksi vya kopo la kupuliza, kama vile Flux-Off ya Chemtronics. Kwa nguvu ya kusafisha, vingi vinaishinda isopropili, hasa kwa fluksi iliyoungua au iliyojificha chini ya chipu pana, kwa sababu msukumo wa kopo huingia mahali ambapo brashi haifiki. Nimevishusha nafasi moja kwa sababu kopo huisha haraka, na kwa sababu mchanganyiko hutofautiana toleo hadi toleo. Baadhi yake hudhuru plastiki, hivyo soma kopo lenyewe wala usitegemee jina la kampuni. Usichanganye bidhaa hizi na WD-40 ya kawaida, ambayo huacha mafuta, na mafuta hayo hukusanya vumbi.

Maji yana nafasi yake, tena kwa aina moja ya fluksi hayana mpinzani. Fluksi inayoyeyuka katika maji ina asidi kali kuliko ya utomvu, na sharti iondolewe siku hiyohiyo ya kulehemu. Hapa nunua maji yaliyokenekwa, yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, lakini hakikisha hupewi asidi ya betri, maana wapo wanaoviita vyote viwili kwa jina moja. Maji ya bomba au ya kisima yana madini yanayobaki bodi ikikauka. Baada ya maji, suuza kwa isopropili ili kuyafukuza, kisha kausha kwa hewa ya uvuguvugu.

Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye kilohezi 40, inamfaa fundi mwenye bodi nyingi za simu kila siku. Anayetengeneza bodi mbili kwa wiki haihitaji. Mawimbi yake yanaweza kuharibu maikrofoni na kristali za saa zilizoko kwenye bodi, na kamwe usijaze isopropili wala petroli ndani ya beseni lake, kwa sababu mvuke juu ya mashine yenye umeme ni moto unaosubiri cheche.

Spiriti naiweka chini kabisa ya vinavyokubalika. Ya duka la dawa huwa na maji mengi na wakati mwingine mafuta ya kulainisha ngozi. Ile ya zambarau huacha rangi yake. Ukiwa huna kingine, itumie kulegeza uchafu, lakini msuuzo wa mwisho uwe wa isopropili safi.

Thina na petroli usivinunue kwa kazi hii, hata kama ndivyo ulivyofundishwa. Thina huwa na toluini na asetoni kwa viwango visivyojulikana: hulainisha soketi, hufuta maandishi, na toluini hudhuru mishipa ya fahamu ya anayeivuta kila siku katika kibanda kisicho na dirisha. Petroli huondoa grisi, lakini chumvi za fluksi haiziyeyushi, na mvuke wake huweza kuwaka hata katika baridi ya karibu sentigredi 40 chini ya sifuri.

Pamoja na chupa, nunua brashi ya nywele fupi ngumu. Mswaki mpya uliokatwa nywele zibaki nusu unafaa sana. Toa betri kwanza, zima pasi ya kulehemu, fungua dirisha. Lowesha vya kutosha, sugua, inamisha bodi ili uchafu utiririkie kona moja, na uufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla haujakauka, kisha rudia kwa kimiminika kipya. Weupe ukijitokeza, rudia tena. Huo ni uchafu uliosambazwa tu. Isopropili hunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo mimina kidogo kwenye kichupa cha kazi na uifunge chupa kubwa mara moja, wala usirudishe ndani yake kile kilichobaki.