TAHADHARI: Wakala wa "visa asilimia mia" anayekuchagulia kozi

Wakuu, mnivumilie, hili ni refu. Naliandika kwa sababu yule bwana bado yuko kazini. Juzi nimeona amebandika tena picha ya visa, "Hongera mteja wetu, Kanada inakusubiri", na visa yenyewe ni ileile aliyotuonyesha sisi mwaka jana. Kona ya juu ina alama ya kukunjika, na kivuli cha kidole gumba kimeangukia palepale. Ninazo picha tatu za miezi mitatu tofauti. Kidole kimoja, wateja watatu.

Jina lake silitaji. Suala liko polisi, na isitoshe ameshabadilisha jina la ofisi mara moja, kwa hiyo jina halitawafaa kitu. Bora mjue anavyofanya kazi, maana wa mtindo wake wapo wengi.

Mdogo wangu ana shahada ya uhasibu na alikuwa amefanya kazi ya hesabu miaka minne. Alitaka kusoma shahada ya uzamili. Tulikwenda tukiwa na vyuo viwili tulivyovitafuta wenyewe, wakala hata hakuvitazama. Hakuuliza kijana kasoma nini, kapata daraja gani, wala akimaliza anataka kufanya nini. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, bajeti ikoje?" Halafu akasema masta zinakataliwa sana siku hizi, bora achukue diploma ya uendeshaji wa hoteli kwenye chuo kimoja binafsi, kwa sababu "pale visa zinatoka zenyewe".

Ningeondoka dakika ileile. Sikuondoka. Mtu ukiwa na hamu ya jambo, anayekuambia linawezekana unamwona malaika.

Baadaye sana ndiyo nikaelewa kwamba hakuna chuo chenye visa inayotoka yenyewe. Afisa wa visa hapimi chuo peke yake, anampima mtu na kozi yake kwa pamoja. Ana faili mbele yake na anajiuliza: mhasibu mwenye shahada na kazi, kwa nini arudi nyuma akasomee diploma ya hoteli, alipe maelfu ya dola, kisha arudi kwao kufanya nini? Barua ya maelezo isipolijibu swali hilo, afisa analijibu mwenyewe: huyu hatafuti elimu, anatafuta mlango. Sheria ya Kanada inamtaka afisa aridhike kwamba mwanafunzi ataondoka muda wake ukiisha. Marekani ndiyo wakali zaidi kwa hilo: kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamchukulia mwombaji wa visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kuwa anataka kuhamia huko kabisa, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Australia tangu 23 Machi 2024 wana kipimo cha kuwa mwanafunzi wa kweli, unajibu kwa maandishi kwa nini kozi hiyo na itakusaidiaje. Kwa hiyo anayekuchagulia kozi bila kukuuliza historia yako, huyo anakuandalia barua ya kunyimwa, na unamlipa.

Barua yetu ya maelezo aliiandika yeye. Ilianza hivi: "Tangu utotoni ndoto yangu ni kuhudumia wageni katika hoteli za hadhi ya kimataifa." Mdogo wangu alicheka alipoisoma. Baadaye hatukucheka.

Visa ikakataliwa. Barua ilisema wazi kwamba afisa hakuridhika kuwa mwombaji ataondoka Kanada mwisho wa masomo, na kwamba lengo la safari haliendani na maelezo aliyotoa. Mtu mwenye akili timamu angebadilisha kozi. Wakala alisema, "Tatizo ni hela tu, tuongeze mdhamini," akataka malipo mengine ya "ada ya ubalozi", dola 600. Niwaambie, ada ya serikali ya Kanada kwa kibali cha kusoma ni dola 150 za Kanada, na alama za vidole ni dola 85. Zinalipwa mtandaoni kwa kadi na risiti inatoka papo hapo. Mimi mpaka leo sijaona risiti ya zile 600.

Mdhamini naye. Hii ndiyo sehemu inayoniuma. Wakala aliweka kwenye faili la maombi ya mara ya pili taarifa ya benki ya "mjomba" ambaye hatumjui, hatujawahi kumwona, na jina lake halifanani na la mtu yeyote katika ukoo wetu. Sisi tulikuja kuiona baada ya mambo kuharibika. Nikakaa nayo usiku mmoja, mstari kwa mstari. Mshahara wa mjomba uliingia Machi 31, ukaingia Mei 31, ukaingia na Juni 31. Juni ina siku thelathini, wakuu. Mimi niliyeishia kuuza vifaa vya ofisi nimeliona hilo kwa macho yangu, sembuse afisa ambaye kazi yake ni kusoma hizo karatasi mchana kutwa.

Idara ya uhamiaji ya Kanada haikumhukumu mdogo wangu kimyakimya. Ilimwandikia kwanza, ikieleza wasiwasi wake kuhusu karatasi ile na kumpa siku 15 ajieleze. Ndio utaratibu wao kabla ya kumtia mtu hatiani kwa udanganyifu. Lakini barua ile ilikwenda wapi? Akaunti ya maombi aliifungua wakala, kwa barua pepe yake na nywila yake. Siku 15 zikapita. Kila tukiuliza tunaletewa sauti kwenye WhatsApp: "Dada yangu, ubalozi una foleni, tuwe na subira." Wakati anatuma ile ya mwisho, uamuzi ulikuwa umetoka wiki tatu zilizopita.

Adhabu ni miaka mitano kutoruhusiwa kuingia Kanada. Kosa limeandikwa kwa jina la mdogo wangu, maana ndiye mwombaji. La wakala halimo popote kwenye faili. Kanada mtu anayekulipisha kukuwakilisha anatakiwa awe wakili, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao kinachoitwa CICC, na jina lake linajazwa kwenye fomu ya mwakilishi. Majina ya washauri hao yapo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kutafuta. Fomu yetu haikuwepo kabisa. Kwa macho ya serikali, kijana alijaza kila kitu peke yake.

Na msidhani utahamia nchi nyingine jambo liishe. Fomu za Uingereza na Australia zinauliza kama umewahi kunyimwa visa ya nchi yoyote, na nchi hizo pamoja na Marekani, Kanada na New Zealand zina utaratibu wa kubadilishana taarifa za waombaji. Uingereza wakikukuta na udanganyifu wanaweza kukufungia hadi miaka kumi.

Nilipomfuatilia kuhusu ile diploma nikagundua jingine. Vyuo vingi vinawalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi. Hilo peke yake si kosa, wapo mawakala waaminifu wanaoishi kwa hiyo na mwanafunzi halipi kitu. Muulize tu wakala wako: vyuo gani vinakulipa, na hiki ninachokitaka kinakulipa? Akibabaika, umeshajibiwa. Vile vyuo vyetu viwili vya mwanzo havikuwa kwenye orodha yake, ndiyo maana hakuvitazama.

Halafu alituahidi kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, "miaka mitatu, uhakika". Uongo. Chuo kuwa kwenye orodha ya DLI, yaani taasisi zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, hakumaanishi kwamba wahitimu wake wanapata kibali hicho, na vyuo binafsi vingi havimo. Tena kwa walioomba kibali cha kusoma kuanzia 1 Novemba 2024, diploma za vyuo vya kati lazima ziwe katika fani walizozitaja, kama afya, kilimo, sayansi na teknolojia, ufundi, usafirishaji. Uendeshaji wa hoteli haumo. Hata angepata visa, angemaliza na kurudi na deni.

Watu wananiuliza waangalie nini. Barua ya udahili msiipokee kwa picha ya simu. Andikieni chuo wenyewe, kwa anwani mliyoitoa kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyo chini ya barua. Kanada tangu 1 Desemba 2023 inathibitisha kila barua na chuo chenyewe, baada ya mamia ya wanafunzi wa India kukutwa na barua feki, wengine wakiwa wameshafika. Na tangu Januari 2024 waombaji wengi wanahitaji pia barua ya uthibitisho kutoka jimboni. Uingereza, chuo kiwe kwenye rejista ya wadhamini wa wanafunzi na kitoe namba ya CAS, yaani uthibitisho wa udahili. Australia, kozi yenyewe iwe na namba ya CRICOS, rejista ya serikali ya kozi za wanafunzi wa kigeni. Marekani, chuo kitoe I-20, fomu ya udahili ya kuombea visa.

Lakini orodha nayo haimalizi kazi. Mnaukumbuka University of Farmington wa Michigan? Ulikuwa kwenye orodha rasmi ya serikali ya Marekani, una tovuti na nembo, ila hauna mwalimu hata mmoja wala darasa. Ulikuwa mtego wa maafisa wa uhamiaji wenyewe. Ulipofichuliwa Januari 2019 madalali 8 walishtakiwa, na wanafunzi wengi wakakamatwa. Kwa hiyo tafuta watu wanaosoma pale sasa hivi, waulize jana walifundishwa nini na nani.

Hela pia. Akikwambia atakukopesha "hela ya kuonyesha" ikae kwenye akaunti siku mbili, kimbia. Uingereza wanataka ikae siku 28 mfululizo. Kanada tangu 1 Septemba 2025 ni dola 22,895 kwa mtu mmoja nje ya Quebec, mbali na ada na nauli, na fedha nyingi zikiingia ghafla utaulizwa zimetoka wapi.

Mdogo wangu amerudi kwenye kazi ya hesabu, anajiandikisha kwa masta ya masafa. Sisi tumeomba nakala ya faili lote kutoka Kanada kwa sheria yao ya upatikanaji wa taarifa. Ada yake ni dola 5, ila mwombaji awe ndani ya Kanada au atumie mtu aliye huko. Humo ndimo tulimoikuta Juni 31, na ndiyo tuliyowapelekea polisi.

Mwenye faili mikononi mwa wakala yeyote muda huu, usisubiri kesho. Dai nywila ya akaunti yako ya maombi, ingia mwenyewe, fungua kila karatasi iliyopakiwa kwa jina lako, kisha badilisha barua pepe iwe yako. Akikataa kukupa, hapo hapo waandikie uhamiaji wa nchi unayoiomba kwamba humtambui.