Wakala wa waandishi kwa kitabu cha pili: je, asilimia 15 yake ni halali?

Ukiulizia wakala hapa Tabora utaonyeshwa kibanda cha kutolea pesa. Tunayempima hapa ni mwingine: yule wa London au New York anayeuza mswada wako kwa wachapishaji, akakata asilimia 15 ya kila kinachoingia, na kwa kawaida 20 kwenye haki za tafsiri.

Kwa kitabu cha kwanza, kazi yake ni kukufungulia mlango. Kwa cha pili, kazi imo ndani ya mkataba wa kile cha kwanza, na hapo ndipo jasho lake linapoonekana. Tafuta kifungu kinachompa mchapishaji haki ya kuuona kwanza mswada unaofuata. Kikisema tu "kazi yake inayofuata", basi hata kijitabu chako cha ufugaji nyuki kimenaswa. Wakala anayejua kazi hukibana: iwe kazi ya aina ileile, zitoshe sura tatu na muhtasari, jibu litoke ndani ya siku 30 au 60, na siku hizo zianze kuhesabiwa sampuli inapofika, si kitabu cha kwanza kinapotoka. Maneno "kwa masharti yaleyale" anayapiga kalamu, maana yanakuuza kwa bei ya zamani hata kama kitabu kimetembea sokoni. Ila kama ulishasaini peke yako, asikudanganye mtu: wakala hawezi kukifuta kifungu hicho. Atakachoweza ni kukitekeleza haraka, au kumwomba mchapishaji akuachie.

Mpelekee taarifa zote za mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa, hata zile za aibu. Wahariri wa huko wana njia ya kuyaona mauzo, na ukimficha yeye ndiye atakayeumbuka.

Sasa hela. Tuseme kitabu kimepata malipo ya awali ya dola 6,000 kutoka Marekani, mafungu matatu sawa: kusaini, kukabidhi mswada, kitabu kutoka. Fungu la kwanza ni 2,000. Wakala anachukua 300. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili, kwa hiyo kodi ya asilimia 30 ikikatwa kule ni 600 nyingine. Zimebaki 1,100, na benki bado haijagusa.

Kasoro ni mbili. Wanajibu polepole, miezi kupita kimya ni kawaida. Na ukimwacha kwa notisi, kamisheni ya kitabu alichokuuzia inaendelea kuwa yake. Wakala mpya anaanzia kitabu kipya. Anayekudai ada ya kusoma mswada kwa kukutumia namba ya simu huyo si wakala. Wa kweli hula kitabu kikiuzwa.

Mswada wa Kiingereza: nyota nne kati ya tano. Wa Kiswahili: moja, wala si kosa la mtu. Kitabu cha Sh 10,000, mrabaha asilimia 10, nakala 1,000 zikiisha zote, mrabaha wote ni Sh 1,000,000, na humo wakala anapata 150,000. Nani atahangaika mwaka mzima kwa hiyo? Waandikie wachapishaji wa Dar es Salaam moja kwa moja, na mkataba ukifika, anza kusoma kile kifungu cha kazi inayofuata kabla ya ukurasa wa pesa.