Biblia ya sauti kwenye simu: nyota nne, ila zima kelele zake

Wapendwa, nimekuwa natumia programu ya kusikiliza Biblia ya Kiswahili kwenye simu, jina silitaji maana ziko nyingi na karibu zote zinafanana, nikaona niandike kidogo kwa ajili ya yule ambaye siku yake ni vyombo, nguo, watoto, kazi, kulala, na kesho tena hivyo hivyo, muda wa kukaa na kufungua kitabu haupatikani.

Kwanza sauti iko safi, msomaji hana haraka wala hahubiri, anasoma tu. Kiswahili ni kile cha tafsiri ya zamani, Union Version ya 1952, kwa hiyo utakutana na makonde (mashamba) na masuke (vichwa vya nafaka), masikio yanazoea. Unashusha kitabu chote unasikiliza bila bando na ukifunga skrini haikatiki. Hapo sina neno.

Ila kilichonishika hasa ni kwamba mikono ikiwa na povu huwezi kurukaruka. Ukisoma mwenyewe jicho linakimbilia bahari kugawanyika na moto kushuka, afu ukiangalia maisha yako huoni moto wowote unaanza kujiuliza Mungu yuko wapi. Sasa sikiliza kitabu cha Ruthu, sura nne tu, mara moja imeisha. Hakuna malaika, hakuna sauti kutoka mbinguni, ni wajane wawili, Ruthu na mama mkwe wake Naomi, wanatafuta chakula. Naomi kavunjika kabisa anawaambia watu wamwite jina Mara, yaani chungu, kwa uchungu alionao. Halafu kuna kale kasehemu sura ya pili Boazi, mwenye shamba, anawaambia vijana wake wamwachie Ruthu masuke makusudi kutoka kwenye matita (mafungu ya mavuno) aokote, na wasimkemee. Yeye anaokota tu hajui kama amewekewa! Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Upendo ule haukujitangaza, jioni Ruthu anapura anapata kama efa moja (kipimo cha zamani cha nafaka) ya shayiri anarudi nayo kwa mkwewe, na ndo hapo Naomi anaanza kuongea kama mtu mwenye matumaini. Mwisho wa kitabu kapakata mjukuu, na katoto kenyewe ndo babu yake Daudi, wala wao hawakujua.

Sasa malalamiko. Programu ina kihesabu siku, ukikosa siku moja kinarudi sifuri na notifikesheni inakuja utadhani unadaiwa. Jamani, Marko 4 hiyo hiyo mliyoirekodi ina yule mtu anamwaga mbegu analala anaamka, mbegu inamea asivyojua yeye, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu. Yesu hajasema mtu alikuwa anaifukua kila asubuhi kuangalia imefika wapi. Mtu amekesha na mgonjwa, hajasikiliza kitu, lakini usiku kucha alikuwa anamgeuza na kumpa maji, unamwambia karudi sifuri kweli? Mi naona usiku ule alikuwa ndani ya hilo hilo neno. Nenda kwenye mipangilio uzime hiyo notifikesheni, inazimika.

La pili ni muziki wa nyuma. 1 Wafalme 19, nabii Eliya yuko mlimani Horebu, wameweka upepo unavuma, tetemeko, moto unalia, safi kabisa, afu inapofika ile sauti ndogo ya utulivu wanaingiza kinanda kikubwa na waimbaji juu. Hapo pa kunyamaza ndo wamepaza! Nilicheka peke yangu jikoni.

Kwa anayeanza, usianze na Mwanzo ukajilazimisha mpaka Mambo ya Walawi ukakata tamaa, anza na Ruthu, afu Marko, na Maombolezo sura ya 3 uiweke asubuhi maana pale kuna rehema zilizo mpya kila siku na anayeongea ni mtu aliyekaa katikati ya magofu, si mtu aliyeshiba raha. Spidi iache ya kawaida. Nyota ya tano wataipata siku wakiweka kitufe cha kuzima huo muziki, mpaka sasa hakipo.