Miaka minne nikisambaza nyimbo zangu mwenyewe mtandaoni: uzoefu wangu

Mwaka 2006 niliuza masta, yaani rekodi halisi na haki yake, ya albamu yangu ya kwanza kwa msambazaji mmoja wa Kariakoo. Nyimbo nane, malipo ya mara moja, karatasi ya ukurasa mmoja, basi. Nilizikuta zikipigwa kwenye basi la Mtwara, lakini ziliuzwa kanda ngapi sikuambiwa mpaka leo, na nyimbo zenyewe si zangu tena. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama huduma hizi za kusambaza muziki kwa intaneti zinamfaa msanii asiye na lebo, yaani kampuni ya kumsimamia, lazima nianzie kwenye ile karatasi.

Huduma ninayotumia hulipiwa kwa mwaka. Napakia faili la sauti la WAV, kava ya mraba, majina ya watunzi na tarehe ya kutoka, wao wanaupeleka wimbo Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko. Masta inabaki yangu. Zipo huduma za namna nyingine: CD Baby, kwa mfano, unalipia toleo mara moja, kisha wanakata asilimia 9 ya mapato. Mimi nilichagua ada ya mwaka, na huko ndiko nilikokuja kuumia.

Wimbo wa kwanza niliupakia usiku wa manane hapa Tanga kwa bando la usiku. Ripoti huchelewa miezi miwili mitatu, lakini ilipofika nilikaa nayo. Dar es Salaam ilikuwepo, Mombasa na Nairobi pia, na chini yake Muscat. Nilimwita Mama Zuhura aje aone. Kule Oman wapo wanaosikia Kiswahili tangu enzi za mababu, ila mimi kanda yangu sikuwahi kujua kama ilifika hata Muheza. Siku ile nilijua wimbo wangu uko wapi, na kujua huko kuna thamani yake hata kabla ya shilingi kuingia.

Nguvu ya kampuni za muziki zamani ilikuwa studio, mashine za kurudufu na magari ya kufikisha kanda dukani. Ukikataliwa pale, umekwisha. Sasa mlango wa duka uko wazi, ila wakubwa nao hawakulala. Sony iliichukua The Orchard yote mwaka 2015, kisha ikainunua AWAL kutoka Kobalt, na zote mbili ni kampuni za kusambaza kazi za wasanii huru. Halafu kuna mgawo. Kwa kawaida majukwaa hayachukui ada ya msikilizaji yakampa yule aliyemsikiliza. Fedha huingia chungu kimoja, kila mwenye haki anachota kwa kadiri ya fungu lake katika usikilizwaji wote. Mtu wa Muscat hata asikilize nyimbo zangu tu mwezi mzima, sehemu kubwa ya ada yake inakwenda kwa wanaosikilizwa mara mamilioni. Tena tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Ninazo nyimbo 11, zilizovuka ni 4. Hili linaniuma, kwa sababu zile 7 nazo zina watu wake.

Sasa kuhusu ada. Mwaka jana kadi yangu ya benki iliisha muda. Barua pepe ya onyo iliangukia kwenye taka, sikuiona. DJ mmoja wa harusi akanipigia: "Kaka, wimbo wako mbona siuoni? Nina shughuli Jumamosi." Kufungua simu, nyimbo zote zimeshushwa. Niliandika kuomba msaada mara tatu, nikajibiwa na mashine maneno yaleyale. Siku tisa sikupata binadamu.

Kilichoniokoa ni daftari. Kila rekodi hupewa msimbo wake wa kuitambulisha, ISRC, wenye herufi na tarakimu jumla 12, na mimi nilikuwa nimeinakili yote kwa kalamu. Ya kwangu inaanza na QZ, herufi za Marekani, ingawa nyimbo zimerekodiwa Tanga, kwa kuwa ndivyo msambazaji alivyoitoa. Nilipakia upya kwa misimbo ileile na hesabu za zamani za usikilizwaji zikarudi. Ukiweka msimbo mpya, wimbo huhesabiwa mgeni, unaanza na sifuri. Andikeni misimbo yenu leo, jamani, msingoje.

Kipato? Mwaka jana, baada ya makato ya kutuma fedha, nilirudisha ada na kulipia siku mbili za studio. Mkate wa nyumbani bado unatoka kwenye shughuli za harusi. Na mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi wa wimbo, haipiti hapa, hiyo inafuatiliwa kwa njia nyingine kabisa.

Huduma hii naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezishika kwa ajili ya zile siku tisa. Wiki iliyopita nimelipia mwaka wa tano kwa kadi mpya, na daftari la misimbo nimemrudufia binti yangu, akae nalo.