Ukitaka mbwa mdogo Nairobi, nunua kwa nani?

Ukimpigia simu mtu anayeuza watoto wa mbwa, usianze na bei. Muulize: "Mama yao yuko wapi, na naweza kuja kumwona?" Akikujibu uje Jumamosi mchana, endelea naye. Akisema mama yuko shamba, au ameuzwa, au kwamba yeye mwenyewe atakuletea mtoto hapo kwenye kituo cha mafuta, usihangaike kuuliza la pili. Njia zote za kupata mbwa mdogo jijini nimezipanga kwa kipimo hicho, nikianza na ile ningemshauri ndugu yangu.

Sababu ni kwamba watoto wa wiki nane wote ni manyoya na macho. Mtoto wa Japanese Spitz na wa Pomeranian mweupe, ukiwekewa mkononi, wanaweza kumchanganya hata mtu aliyewahi kufuga. Wakikua, Pomeranian hukaa kati ya kilo 1.4 na 3.2, ilhali Spitz huwa mkubwa zaidi, dume akifika kimo cha sentimita 30 hadi 38 begani. Mama akiwa mbele yako, udanganyifu huo unakwisha papo hapo. Tena mama ndiye mwalimu: kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne mtoto wa mbwa anajifunza nini cha kuogopa na nini cha kuzoea. Jike anayejificha chini ya kiti akiona mgeni huwapa wanawe woga huo, na wewe utaishi nao miaka kumi na mbili, kumi na tano.

1. Mfugaji wa mbegu moja, anayewalea ndani ya nyumba yake

Huyu anafuga Maltese tu, au Shih Tzu tu, pengine mbegu mbili, na majike wake ni wachache kiasi cha kuitwa kwa majina. Mara nyingi ni mwanachama wa East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba hapa kwetu. Njia nzuri ya kumpata ni kwenda kwenye maonyesho ya mbwa ya chama hicho na kuzungumza na wenye mbwa wakishamaliza kushindana. Njia nyingine, na mimi naipenda zaidi, ni kumuuliza daktari wa mifugo anayetibu mbwa wadogo: watoto wa nani huja kwako kwa chanjo tu, na wa nani huja wakiharisha? Huenda asikutajie jina baya, lakini zuri atakutajia.

Jiandae kusubiri. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na mfugaji mwenye huruma hampandishi jike kila anapoingia joto. Mbwa wadogo hawazai wengi pia. Watoto wawili au watatu ni uzao wa kawaida. Ukikuta mtu ana watoto wa kuuza mwezi wowote utakaopiga simu, hesabu majike wake kwanza.

Jiandae pia kuhojiwa. Atataka kujua kama unaishi ghorofani, nani anashinda nyumbani, kama kuna watoto wadogo, na kama mlinzi wako ana desturi ya kuacha geti wazi. Wengine huudhika: pesa ni zangu, maswali ya nini? Mimi nikikuta muuzaji asiyeuliza chochote ndipo ninapoingiwa na wasiwasi.

Ukifika kwake, tulia kwanza uangalie. Watoto wanalala wapi? Harufu ya kinyesi cha leo si kitu, ya wiki nzima ni jambo jingine. Mweke mtoto chini kwenye sakafu isiyoteleza umwone akitembea. Akiruka kwa mguu mmoja wa nyuma kisha akaurudisha kama kwamba hakuna lililotokea, huenda pia ya goti inachomoka mahali pake, ugonjwa ulioenea sana kwa mbwa wadogo. Daktari anaupima kwa vidole tu, dakika chache, kwa hiyo muulize mfugaji kama baba na mama walipimwa. Pitisha kidole kitovuni ukitafuta uvimbe wa ngiri. Angalia ufizi uwe wa waridi, macho yasitoe tongo, pua ipumue bila kukoroma.

Maswali mengine hutegemea mbegu. Kwa Maltese na Yorkshire uliza habari za ini: wapo wanaozaliwa na mshipa unaolipita ini, damu isisafishwe. Kwa Dachshund uliza mgongo, kama kuna mzazi aliyewahi kulegea miguu ya nyuma. Kwa Pomeranian uliza kikohozi kama cha bata, dalili ya koo la hewa linalolegea. Kwa Chihuahua uliza uzazi wenyewe. Vichwa vya watoto ni vikubwa na nyonga za mama ni nyembamba, hivyo wengi huzalishwa kwa upasuaji. Jike aliyepasuliwa mara tatu na bado anapandishwa ni mtambo wa pesa, na mimi singeongeza pesa yangu hapo.

Halafu makaratasi. Cheti cha nasaba kinakuambia wazazi ni nani. Hakikuambii kama wana afya, na wapo wanaokipunga kana kwamba ni cheti cha hospitali. Kadi ya chanjo ndiyo ya kusomwa kwa makini. Kadi tupu mtu yeyote anaweza kuipata, hivyo tafuta kibandiko kilichotoka kwenye chupa ya chanjo chenye namba ya toleo, tarehe, sahihi, muhuri, na namba ya usajili wa daktari kwenye Kenya Veterinary Board. Mpigie daktari huyo ukiwa hapo hapo. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huja kwenye wiki ya 12. Kwa hiyo anayekuambia mtoto wa wiki saba "amemaliza chanjo zote" ama hajui au anajua sana. Dawa ya minyoo nayo iwe imeanza tangu wiki ya pili.

Usimchukue kabla ya wiki nane. Wale wadogo kabisa, Chihuahua na wenzake, wafugaji makini huwashikilia hadi wiki ya kumi au ya kumi na mbili, na wana haki. Mwili mdogo hauna akiba. Mtoto akikosa mlo mmoja katika nyumba ngeni sukari inaweza kushuka, akalegea, akatetemeka na hata kufa usiku huo huo.

2. Jirani au mfanyakazi mwenzako ambaye jike wake amezaa

Kama hutaki maonyesho wala cheti, njia hii mara nyingi inaikaribia ya kwanza kwa kila kitu isipokuwa bei, ambayo ni nafuu. Mama unamjua, pengine amewahi kukubwekea. Watoto wamelelewa jikoni katikati ya watu. Upungufu uko kwa baba, ambaye hutajwa kwa mashaka, na kwenye chanjo, ambayo huahirishwa hadi "mwenyewe atachanja." Ongea mapema, jitolee kulipia chanjo ya kwanza, uende na daktari. Na umsihi jirani amhasi jike huyo baadaye.

3. Kituo cha KSPCA, Karen

KSPCA ni shirika linalookoa wanyama na kuwatafutia nyumba. Mbwa wa mbegu ndogo hawapatikani kituoni kila siku, na anayetaka Pomeranian mwenye umri wa wiki nane atarudi mikono mitupu. Lakini wapo mbwa wenye miili midogo waliochanganyika, na wapo waliokwisha kukua ambao ukubwa wao, tabia yao na magoti yao vinaonekana wazi. Kwa mzee anayeishi peke yake, mbwa wa miaka minne aliyekwisha kuhasiwa na anayejua kulala usiku ningempendekeza kabla ya mtoto yeyote wa mbwa.

4. Shamba la "mbegu zote zinapatikana"

Ukurasa wa Instagram unapendeza, mbwa wamefungwa utepe, na kuna mbegu saba kuanzia Boerboel hadi Chihuahua. Wachache wa aina hii wanafanya kazi safi. Wengi hawakuruhusu kupita sebule ya wageni, wakisingizia kwamba utaleta maradhi. Hoja yenyewe ina ukweli, kwani kirusi cha parvo, kinachoharisha na kuua watoto wa mbwa, huingia na viatu. Mwenye nia njema atakumwagia dawa kwenye soli, kisha atakupitisha.

Hapa ndipo utakapouziwa neno "teacup". Hakuna chama cha mbwa kinachoitambua hiyo kuwa mbegu. Ni mtoto aliyezaliwa dhaifu, au wa wiki tano aliyeandikwa tisa, au aliyezalishwa makusudi na wazazi vijeba, na anauzwa ghali zaidi ya ndugu zake wenye afya. Rangi adimu zina mtego wake pia: ukipandisha mbwa wawili wenye merle, yaani rangi ya mabaka yaliyotawanyika, baadhi ya watoto huzaliwa viziwi au vipofu.

5. Dalali wa mtandaoni

Tovuti ya matangazo ya Jiji na makundi ya Facebook yana wafugaji wa kweli pia, hivyo sisemi ukimbie tangazo. Kimbia dalali. Utamjua kwa namba moja ya simu yenye mbegu nyingi, kwa kutojua jina la mama, na kwa haraka: "kuna mwingine analipia sasa hivi." Tafuta picha ya mbwa anayemtangaza kwenye Google uone imetumika wapi kwingine. Omba simu ya video, mtoto akiwa na mama yake, sasa, si kesho. Malipo ya awali kwa M-Pesa yasitoke kabla hujamshika mtoto mikononi. Uingereza waliona biashara hii ikiwaumiza mbwa kiasi cha England kupiga marufuku, Aprili 2020, kuuza watoto wa mbwa wa chini ya miezi sita kupitia mtu wa kati.

6 na 7. Kwenye foleni ya magari, na "mbwa kutoka ng'ambo"

Mtoto wa mbwa anayeonyeshwa dirishani mwa gari kwenye jua la saa nane anakuhurumisha, najua. Ukimnunua, kesho analetwa mwingine. Anayeuza kutoka ng'ambo kwa bei ya kutupa naye kwa kawaida hana mbwa. Utalipia usafiri, kisha bima ya kizimba, kisha "karantini", hadi uchoke. Kuagiza mbwa kihalali kunahitaji kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo kabla mnyama hajapanda ndege. Muulize muuzaji kuhusu kibali hicho uone anavyobabaika.

Ukimpata wa kweli, andikianeni hata ukurasa mmoja: tarehe ya kuzaliwa, chanjo, na kwamba daktari wako akimkuta na ugonjwa ndani ya siku chache mnazokubaliana, utamrudisha upate pesa zako. Nenda kwa daktari huyo kabla siku hizo hazijaisha, hata mtoto akiwa mchangamfu. Na ikiwa nyumbani kwako kuna mbwa aliyekufa kwa parvo mwaka huu, mwambie mfugaji bila kuficha. Kirusi hicho hukaa udongoni miezi mingi. Sakafu utaiosha kwa Jik iliyochanganywa na maji, ila nyasi huwezi. Hapo muombe akuwekee mtoto hadi afikishe wiki 16 na chanjo zake zikamilike, na umlipe gharama za kumlisha.